Buriani kwa Mzee Mwansa, Aliyemkaripia Mungeleza kwa Kiingereza

Ijumaa tarehe 28 Septemba 1979, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mzee Mwansa Constantin, mwendeshaji kreni wa Fonderi Namba Mbili, kiwanda chetu cha kumimina chuma hapa Lubumbashi, anastaafu rasmi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Kasimu Amadi, kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida letu. Nimechaguliwa kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote waliobaki, na kwa sababu kuanzia Jumatatu kibanda chake cha juu ni changu. Najua wengi wenu mnadhani nimepandishwa cheo. Someni mpaka mwisho, ndipo mnipongeze.

Kwanza niliweke sawa suala la jina. Kwenye karatasi zote tangu mwaka 1972 anaitwa Mwansa tu, bila jina la kigeni, kama sheria inavyotaka. Hilo la Constantin nimeliandika kwa sababu mkewe, Mama Albertine, ameniomba, na mimi simwogopi mhariri kama ninavyomwogopa Mama Albertine.

Sifa yake kubwa kuliko zote inasemeka kwa maneno machache. Tangu Mzee Mwansa aanze kuendesha ile kreni tunayoiita Mungeleza, yaani Mwingereza, hakuna mtu aliyekufa chini yake. Wanaojua kazi ya fonderi wanaelewa uzito wa maneno hayo. Ndoano inabeba poshi, ile ndoo kubwa ya chuma kilichoyeyuka, inapita nayo juu ya vichwa vya watu, na chini yake yuko mtu mmoja anayeonyesha njia kwa mikono. Zamani mtu huyo nilikuwa mimi. Siku hizi ni Kapya, kijana mchangamfu, mume wa Mawazo, aliyepata mapacha mwezi wa Mei. Mzee Mwansa hataki saa ya mkononi wala cheti. Anataka kuondoka akiwa na hakika kwamba hakuna atakayekufa chini ya Mungeleza hata yeye akiwa hayupo. Jambo hilo limemnyima raha mwaka mzima, na sasa linaninyima mimi.

Alizaliwa mwaka 1924 karibu na Kasenga, kando ya mto Luapula, katika ukoo wa wavuvi. Ng'ambo ya mto wako shangazi na wajomba, kwa hiyo hakuona ajabu kuvuka, akaenda kutafuta kazi kwenye migodi ya upande wa pili, ambako wakati huo kulikuwa Rodezia ya Kaskazini. Walimpa kopo la grisi na kazi ya kupaka mafuta kwenye kreni, chini ya msimamizi mmoja Mwingereza.

Msimamizi huyo, kwa mujibu wa Mzee mwenyewe, hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mtu, hakumfukuza mtu. Ila alilalamika. Alianza king'ora cha asubuhi kikilia na hakunyamaza mpaka watu wanaoga kwenda nyumbani. Mvua ilimuudhi, na jua pia. Chai yake ilimuudhi kabla hajaionja. Kilichomuudhi kuliko vyote kilikuwa kreni, naye aliisema siku nzima akiitazama juu kama mtu anavyomtazama shemeji mkaidi.

Hivyo ndivyo Mzee Mwansa alivyojifunza Kiingereza chake. Mpaka leo hawezi kumsalimia mtu kwa lugha hiyo. Hawezi kuomba maji wala kusema asante. Lakini kwa mambo ya kuudhi, ana ghala. "Awkward" ni kitu kisichokaa vizuri, ukikishika huku kinakuponyoka kule. "Stubborn" ni kile kinachokataa kwa makusudi. "Fussy" ni kile kinachotaka kubembelezwa kwa kila jambo dogo. "Nuisance" ni usumbufu unaokuja wenyewe bila kuitwa. "Tiresome" ni kile kinachochosha moyo hadi mtu anatamani kuketi chini. Sisi tunasema tu "inasumbua" na tunaendelea. Yeye alijua usumbufu wa kukufanya upumue kwa nguvu, na ule wa kukufanya utupe kofia chini, na kila mmoja alikuwa na jina lake.

Maneno hayo yalituambukiza. Mke wangu Asha, ambaye hajakaa darasa la Kiingereza hata siku moja, analiita jiko letu la makaa "okwadi," na majirani wote pale Makomeno wanaelewa maana yake. Kuna fundi mmoja wa kalibu, zile fremu za kumiminia chuma, aliyempa mbuzi wake jina la Nyusensi. Mbuzi huyo alistahili.

Lipo neno moja zaidi. Hilo Mzee Mwansa hakumfundisha mtu, na hapa siliandiki kwa sababu silijui. Ninachojua ni kilichotokea. Siku moja msimamizi yule alisimama chini ya ndoano, mzigo ukiwa umening'inia upande. Akaangalia juu, akasema neno ambalo Mwansa hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Hakulisema kwa hasira. Alilisema polepole, kama mtu aliyekwisha kuamua. Mzigo ukashuka wote kwa mara moja. Wakaguzi walikuja wakapima kila kitu. Waya haukukatika, breki hazikuwa zimeisha, na ndoano ilikuwa nzima. Mwansa alisubiri mazishi ya msimamizi, kisha akarudi upande wetu wa mpaka bila kuaga, akaajiriwa hapa mjini mwaka 1953.

Kwa miaka mingi aliendesha kreni za Wabelgiji, kimya kabisa. Walimu wake wa kazi waliandika kwamba ana mkono mwepesi. Hakuna aliyejua kwamba anajua Kiingereza. Alioa, akajenga, akalea watoto, na jioni alicheza kadi na marehemu baba yangu, akishindwa mara nyingi kuliko alivyopenda kukubali.

Mwaka 1969, serikali ikiwa imekwisha kuchukua shaba yake mikononi mwake, Fonderi Namba Mbili iliongezwa ukumbi mpya. Kreni ya kuweka humo ililetwa kwa treni kutoka ng'ambo ya mpaka, imefunguliwa vipande vipande, imenunuliwa ikiwa imetumika. Sote tulitoka kwenda kuitazama pale kwenye reli. Mzee Mwansa alizunguka vile vyuma mara moja, akainama, akagusa kikombe kimoja cha mafuta. Kifuniko chake cha shaba kilikuwa kimepotea zamani, na mahali pake mtu alikuwa ameweka kifuniko cha kopo la tumbaku, amekikunja pembeni kwa koleo. Mtu huyo alikuwa yeye.

"Kasimu," aliniambia, bila kuinua kichwa, "minaiyua hii kintu. Ilinifwata."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, na nilidhani anatania.

Siku ya majaribio mwendeshaji alikuwa mtu mwingine, na mimi nilikuwa chini nikionyesha njia. Poshi ilikuwa imejaa. Katikati ya ukumbi kreni ilianza kucheza. Mzigo ulikwenda kushoto bila kuagizwa, ukarudi, ukaenda tena. Mwendeshaji alivuta kila mkono uliokuwa mbele yake. Nilitaka kukimbia, lakini nyuma yangu kulikuwa na kalibu zilizotoka kumiminwa, zikiwa bado nyekundu, na mbele yangu kulikuwa na ile poshi. Ndipo nikamwona Mzee Mwansa akija mbio kutoka upande wa mlangoni, mikono mitupu. Alisimama, akaangalia juu, akapaza sauti kwa lugha nisiyoijua na kwa sauti nisiyoijua, sauti nzito yenye kukwaruza iliyotokea puani, ya mzungu aliyechoka na dunia. Alisema "tiresome." Mungeleza akasimama pale pale. Poshi haikutikisika tena hata kidogo. Tone moja la chuma lilianguka karibu na kiatu changu, na kovu lake bado liko kwenye sakafu. Anayetaka nitamwonyesha.

Siku hiyo hiyo alipewa kibanda cha juu, na hakukiacha tena.

Waliokuja baadaye walifundishwa utaratibu wetu kama vile walivyofundishwa kuvaa kofia ngumu. Mzigo ukiyumba, Mzee anasema "awkward," na unatulia. Breki zikikwama, anasema "stubborn," na zinaachia. Magurudumu yakisita kwa kudeka, "fussy" inatosha. "Tiresome" ni ya hatari tu, kwa sababu hiyo inamsimamisha Mungeleza kabisa, na haendi tena mpaka abembelezwe. Na sisi tuliokuwa chini tulikuwa na sharti moja. Kiingereza kisisemwe na mtu mwingine chini ya ndoano, hata kwa mzaha.

Saa sita mchana, umeme unapokatwa ili watu wale, ukumbi unakuwa kimya. Tulikuwa tunakaa ukutani na bukari yetu, ugali wa huku kwetu, na samaki, na huko juu, ndani ya chuma kisicho na umeme, kulikuwa na mnong'ono. Huwezi kushika maneno, lakini unajua ni malalamiko, jinsi unavyojua jirani anagombana na mkewe hata kama husikii wanachosema. Wageni waliuliza ni nini. Tuliwaambia ni chuma kinapoa. Mzee Mwansa alitafuna polepole, na mara moja moja aliitikia kwa kichwa.

Msidhani ilikuwa hofu siku zote. Mwaka 1972, majina yetu yalipobadilishwa, kamati ya chama hapa kazini iliona kwamba si haki watu wawe na majina ya asili huku mashine ikiendelea kuitwa Mwingereza. Walikuja na ngoma na nyimbo, wakampaka Mungeleza rangi ya kijani, wakamwandika ubavuni SALONGO, yaani kazi ya umma, kwa herufi kubwa. Pia wakatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mashine ya taifa haitatukanwa kwa lugha ya wakoloni. Mzee Mwansa, raia mtiifu, alifunga mdomo. Na Mungeleza naye akafunga miguu yake. Hakwenda mbele wala nyuma. Ila kila wimbo ulipoanza, honi yake ililia yenyewe, ikanyamaza wimbo ulipokwisha. Wiki ikaisha hivyo. Mwenyekiti wa kamati alikuja peke yake akiwa na abakosti yake safi, lile koti la chama, akapanda ngazi hadi nusu, akaita kwa sauti ndogo.

"Mzee, umuambie kidogo kile kintu unamuambiaka. Lakini pole pole, bantu basisikie."

Mzee alimwambia. Mungeleza akaenda. Neno SALONGO lipo mpaka leo, na mwenyekiti yule hakukanyaga tena ukumbini mwetu.

Kisha kuna siku aliyokuwa mkalimani. Ilikuwa mwaka 1975. Walikuja wauza vipuri watatu wanaozungumza Kiingereza, na karani wetu wa barua za Kiingereza alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Mkurugenzi akasikia kwamba yuko mwendeshaji kreni anayejua lugha hiyo. Mzee Mwansa alivalishwa koti la mtu, akatembezwa pamoja nao. Walipoonyesha tanuru, alisema "stubborn." Kwenye pampu alisema "nuisance." Walipomwonyesha Mkurugenzi mwenyewe, alifikiri kidogo, akasema "fussy." Wageni wawili walicheka hadi wakashika mbavu. Mkurugenzi alifurahi, akadhani fonderi yake inasifiwa.

Mgeni wa tatu hakucheka. Alikuwa mtu mzima, nywele zote nyeupe. Kila Mzee Mwansa alipofungua mdomo, alizidi kupauka. Mwishoni alimshika mkono mwenzake anayejua Kifaransa, akamwomba amuulize Mzee amejifunza wapi. Alisema aliwahi kufanya kazi kwenye mgodi ule wa ng'ambo, na kwamba sauti hii anaijua, ya mtu aliyemzika. Walipoingia ukumbini, akamwona Mungeleza chini ya ile rangi ya kijani, alivua kofia. Hakukubali kupita chini yake. Alizunguka ukutani, pole pole, mgongo ukigusa matofali, mpaka akatoka. Hapo ndipo Mzee Mwansa alipotukalisha chini akatueleza yote niliyoyaandika hapo juu kuhusu msimamizi yule. Kabla ya hapo tulikuwa tunafuata tu bila kujua tunafuata nini.

Injinia Mwenze, ambaye ni mkuu wetu na ni msomi wa mambo haya, ana maelezo yake. "Ni kura tu, Kasimu," huniambia, akimaanisha umeme. "Kura haina masikio." Namheshimu Injinia. Ninachoomba ni kwamba siku moja aniambie hayo akiwa amesimama chini ya ndoano, si pale mlangoni anapopenda kusimama.

Sasa nifike kwenye mwaka huu. Mwezi wa Agosti Mzee Mwansa alianza likizo yake ya mwisho, akaenda Kasenga na Mama Albertine kutengeneza nyumba na mtumbwi wake. Kabla ya kwenda alinifundisha. Nilisema maneno yote mbele yake, na Mungeleza alitii, nami nikaona kwamba nimekwisha kuwa mtu. Sikufahamu wakati ule kwamba yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, midomo yake ikicheza.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri, kwa kuwa Mungeleza hakuleta matata. Kilichonisumbua ni saa sita mchana. Mnong'ono ulikuwepo kama kawaida, lakini ile sauti ya puani haikuwepo tena. Kapya aliacha kutafuna, akanitazama. Ilikuwa sauti ya Mzee Mwansa. Nilimaliza chakula changu nikiwa sisikii ladha yake.

Alhamisi moja, kwenye saa tatu za asubuhi, nilikuwa nimebeba poshi iliyojaa. Kapya alikuwa ameinama kwenye kalibu kubwa ya gurudumu, akisafisha mdomo wa kumiminia, na poshi ilikuwa karibu kufika juu yake. Nilitaka kupunguza mwendo. Kabla sijagusa kitu, Mungeleza alisimama kwa kishindo, na poshi ikainama, pale pale juu ya mgongo wa Kapya. Kwa kishindo hicho fremu ya kalibu ilisogea ikambana mguu.

Nilisema kila neno. Nilisema "awkward," nilisema "stubborn," nilisema "fussy," niliyapaza mpaka koo likawaka. Ilikuwa sawa na kuongea na ukuta. Chini, Kapya aligeuza uso akaangalia juu. Sitausahau uso ule.

"Kasimu, sema ile neno!" alipiga kelele. "Sema! Mbona unanyamaza?"

Sikuwa nimenyamaza. Nilikuwa nalia na nasema. Chuma kilikuwa kimefika kwenye ukingo wa poshi, kimesimama kama maji yanavyosimama kwenye kikombe kilichojaa kupita kiasi. Kisha, bila mimi kugusa kitu, poshi ilijiinua polepole, ikakaa sawa. Mungeleza akarudi nyuma taratibu mpaka mahali pasipo na mtu, akaishusha chini. Alifanya hivyo kwa upole mkubwa. Mikono yangu ilikuwa juu, hewani, kama mtu aliyekamatwa na askari.

Tulimtoa Kapya. Mguu ulikuwa na michubuko tu. Injinia aliandika kwamba ni hitilafu ya umeme. Tulikubaliana hakuna atakayempelekea Mzee habari hizo huko Kasenga, asije akakatisha likizo yake.

Siku tatu baadaye Mama Albertine alishuka kwenye lori la samaki, na kabla hajaenda nyumbani kwake alikuja moja kwa moja hadi mlango wa fonderi. Hakunisalimia.

"Baba anauliza, Kapya iko muzima?"

Nilimwambia ni mzima. Alikaa kwenye kifurushi chake, akajifunika uso na kitenge. Baadaye ndipo aliponieleza. Ile Alhamisi asubuhi walikuwa mtoni. Mzee alikuwa anajaribu kuwasha injini ya mtumbwi, ya zamani, aliyoazimwa na mpwa wake.

"Moteri ikakatala kuwaka," alisema Mama Albertine. "Akasema ile neno yake ya kuchoka, mara moya, mara mbili. Kisha akafunga kinywa na mukono. Akaniambia, Mama, kuko muntu chini."

Kisha Mzee alikaa kwenye mchanga, akafumba macho, akaongea kwa sauti ndogo kwa muda, Kiingereza kile kile cha kulalamika, lakini safari hii akikisema kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Alipofungua macho, jasho lilikuwa limemlowanisha mpaka kiunoni. Alimwambia mkewe apande lori la kwanza litakalotoka.

Mzee Mwansa mwenyewe alirudi mjini wiki iliyofuata. Alipanda pamoja nami kwenye kibanda, polepole, akipumzika kila baada ya ngazi chache. Siku nzima alijaribu kunikabidhi. Alinitaja kwa jina kwa Mungeleza, akanishika bega, akasema maneno yake, akaniambia niyarudie. Kisha alikaza midomo yake kwa vidole ili isicheze, akaniambia nijaribu peke yangu. Nilijaribu. Hakuna kilichosogea. Alikaa chini kwenye sakafu ya kibanda, miguu imenyooka mbele, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee kweli.

"Haikusikie weye, Kasimu," aliniambia. "Iko nasikia paka miye, miye peke yangu. Hata niende mbali namna gani, iko nasikia."

Nilimuuliza juu ya lile neno la mwisho la msimamizi. Aliangalia chini kupitia dirishani, pale Kapya alipokuwa anatupungia mkono akicheka, na akatikisa kichwa.

Tulimwendea Injinia kuomba kreni nyingine. Injinia alituambia kwa upole kwamba hakuna kreni nyingine mwaka huu, na huenda mwaka ujao pia. Kapya angeweza kuomba kuhamishwa, lakini mtu mwingine angewekwa pale pale, naye alisema hawezi kumpa mwenzake nafasi ya namna hiyo. Mawazo hajafurahia uamuzi huo, na mimi namwelewa.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mtakapoona zawadi za Mzee Mwansa jukwaani, msishangae. Fonderi nzima imechanga, na kila kitu kimechaguliwa kwa makini. Kuna injini mpya ya mtumbwi, inayowaka kwa kuvutwa mara moja. Tumeijaribu mpaka tukachoka. Kuna mabati, ili paa lisivuje. Kuna nyavu mpya, viatu vilivyoshonwa kwa kipimo chake, na redio yenye betri za akiba. Fundi wetu wa kalibu amejitolea kwenda Kasenga kurekebisha mlango unaokwama. Yule mpwa mwenye injini mbovu ameombwa kwa heshima asimwazime Mzee kitu chochote tena. Mama Albertine ameahidi kumwacha ashinde kwenye kadi. Mwenyewe amesema kwamba hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Kuna mtu aliyeuliza kwenye kikao itakuwaje siku Mzee atakapougua, maana ugonjwa unaudhi kuliko injini. Mwenyekiti wa kamati ya sherehe alisema tuendelee na suala la vinywaji.

Mzee Mwansa, mimi ulinitoa chini ya poshi mwaka 1969, na sijawahi kukushukuru ipasavyo, kwa sababu kila nilipotaka ulinitania. Leo huna nafasi ya kunitania, uko mbele ya watu. Ahsante kwa uhai wangu. Ahsante kwa miaka yote uliyokaa kule juu peke yako na kile kitu, ukikisikiliza, ili sisi tule bukari yetu kwa amani. Nakupenda kama baba, na naogopa, na nayaandika yote mawili hapa kwa sababu ni kweli.

Nenda ukapumzike. Ukikasirika, tukana kwa Kibemba, tukana kwa Kifaransa, tukana kwa Kiswahili chetu, hakuna atakayekulaumu. Kiingereza tuachie hapa. Na lile neno moja, Mzee, ukilala nalo, uamke nalo likiwa bado ndani.

Katika sherehe nyingine zote nilizohudhuria, watu walimwambia mstaafu maisha mema huku wakitafuta viti vyao. Sisi tunayasema tukiwa tumesimama. Samaki wako wawe wengi, usingizi wako uwe mzito, wajukuu wako wawe watulivu, na jua la Kasenga lisikuchome. Tunakutakia maisha mema kila siku na kila saa, na hasa asubuhi, kuanzia saa moja, zamu inapoanza.

Jumatatu Kapya atakuwa chini.